Kengele ya kumi na tatu haimharibu mtoto

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi saa wa hapa Lamu. Kibanda changu kiko Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kazi hii nimeifanya miaka arobaini na moja. Nimeisoma barua ya mzazi mwenzangu iliyotoka katika ukurasa wako wa maoni, ile inayotaka hadithi za watoto wanaorudi zamani ziondolewe katika maktaba za shule. Anasema ni uongo mtupu, zinamfunza mtoto kuukimbia wakati wake, na kwamba zimetoka Ulaya na huko ndiko zirudi. Niliikata barua hiyo nikaiweka chini ya kioo cha meza yangu ya kazi, nikawa naiona kila nikiinua kichwa kutoka kwenye saa ya mtu. Siku ya nne nikaona afadhali nijibu.

Sitaki kumvunjia heshima. Najua anampenda mwanawe. Lakini naamini amekosea, na ningependa wasomaji wako wajue kilichotupata sisi huku.

Mwaka juzi mgeni mmoja aliniletea saa ya mkononi iliyoingia maji ya chumvi. Nilipomaliza kuitengeneza alinilipa haki yangu, kisha akaniachia kitabu. Alisema alikisoma akiwa mdogo na hana wa kumpa. Kinaitwa Tom's Midnight Garden, mwandishi wake ni Mwingereza Philippa Pearce, kilitoka mwaka 1958. Kiingereza changu ni cha darasani na cha watalii, lakini mjukuu wangu wa kike, wakati huo yuko gredi ya sita, ana kamusi na ana subira. Tukawa twakisoma barazani baada ya isha, mimi nikifasiri na yeye akinisahihisha. Usiku wa kwanza tulikuwa wawili. Wiki ya pili baraza lilijaa watoto wa mtaa, na walioshindwa kupata nafasi walikaa kwenye ngazi za nyumba ya pili.

Kisa chenyewe si kigumu. Mvulana Tom anapelekwa kukaa kwa jamaa zake kwa sababu nduguye ameugua surua. Nyumba ile zamani ilikuwa ya familia moja, sasa imegawanywa vyumba vya kupangisha, na nyuma yake hakuna bustani tena. Ukumbini kuna saa kubwa ya kusimama. Usiku inagonga kengele kumi na tatu. Tom anashuka, anafungua mlango wa nyuma, anaikuta bustani kama ilivyokuwa zamani, na ndani yake mtoto wa kike, Hatty, yatima anayelelewa na mke wa ami yake asiyempenda. Wanakuwa marafiki. Tom anarudi kila usiku. Kwake zinapita wiki chache tu, kwa Hatty inapita miaka.

Hapo penye kengele ndipo mambo yaliponikwama. Nilifasiri vilevile, "saa ikagonga kumi na tatu," na mtoto mmoja wa jirani, wa miaka tisa hivi, akasema, "Basi ni saa saba, babu. Kuna ajabu gani?"

Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Sisi saa ikigonga moja twaita saba, ikigonga kumi na mbili twaita sita. Tangu utotoni twajua kengele ina lake na mdomo una lake, na kati yao kuna sita ya kutoa au kujumlisha. Kumi na tatu ukitoa sita ni saba. Ajabu yote ya yule Mwingereza ikafia barazani pangu. Nilikifunga kitabu nikawaambia waende wakalale.

Nililala nalo hilo. Alfajiri, nikitoka msikitini, likanijia. Kwetu usiku una saa zake kumi na mbili na mchana una zake kumi na mbili. Ikiwa usiku una saa ya kumi na tatu, basi mahali pake ni pale ambapo usiku umekwisha kuhesabiwa na mchana haujaanza: mwanga upo, jua halipo. Wanaume wanarudi kutoka sala ya alfajiri, mahamri ya kwanza yako kwenye karai, punda wa mchanga hajapita bado. Kila mtu wa Lamu anaijua nusu saa hiyo, ila hakuna aliyepata kuihesabu. Jioni nikawaambia watoto kwamba si saa saba. Ni saa ya usiku ambayo usiku wenyewe hauna, nayo inakuja kabla ya jua kuchomoza. Wakanyamaza. Yule wa miaka tisa akauliza kama mtu akilala inampita. Nikasema inampita. Mama yake aliniambia baadaye kwamba wiki ile nzima mwanawe aliamka mwenyewe alfajiri bila kuitwa.

Sasa kuhusu uongo. Naomba mzazi mwenzangu anisikilize hapa, maana hapa naongea kazi yangu.

Saa nyingi za ukutani za zamani zina gurudumu la kuhesabia kengele. Ukingo wake umekatwa mapengo, na nafasi kati ya pengo na pengo inazidi kurefuka kadiri gurudumu linavyozunguka, mpaka ile ndefu kuliko zote, ya kengele kumi na mbili. Kikomeo chembamba cha chuma kinatambaa juu ya ukingo huo. Kikiwa juu, nyundo inagonga. Kikitumbukia katika pengo, nyundo inanyamaza. Ukijumlisha moja hadi kumi na mbili unapata kengele 78, na kwa usiku na mchana 156, siku zote, kama kamani imejazwa. Lakini kikomeo kinalika. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma na chuma. Ikatokea kikomeo kimefika mwisho wa zile kumi na mbili kikaruka pengo badala ya kutumbukia, nyundo haina habari, inaendelea na kengele ya saa inayofuata, na inayofuata kumi na mbili ni moja. Kumi na mbili, kisha moja, bila kupumzika. Kumi na tatu.

Nimezisikia kwa masikio yangu mara mbili katika miaka yote hii. Na tangu dakika hiyo saa inakuwa imetangulia: akrabu zinaonyesha moja, kengele zinagonga mbili. Imekwisha kuila saa ambayo haijafika.

Nililichukua gamba la saa mbovu nililonalo, mashine yake ikiwa wazi, nikaliweka katikati ya baraza na taa juu yake. Nikasogeza akrabu hadi kumi na mbili. Ilipogonga ya kumi na mbili nikakizuia kikomeo kwa kibano, unywele tu, kisitumbukie. Watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti. Ilipotoka ile ya kumi na tatu walipiga kelele hadi mama mmoja akatoka na mwiko mkononi akidhani kuna mtu ameanguka. Watoto wale wamejifunza meno ya gurudumu na kujumlisha hadi 78, na wamejua kwa nini chuma hulika pwani. Mlango wa kuingilia ulikuwa hadithi ya uongo, na sioni nani ameibiwa.

Kuhusu Ulaya. Ijumaa kila wiki Waislamu wengi tunaisoma Suratul Kahf. Vijana kadhaa, marafiki wa imani moja, na mbwa wao, wanaingia pangoni, wanalazwa miaka mia tatu na tisa zaidi. Wanaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wanamtuma mmoja wao mjini na fedha yao akanunue chakula. Sisemi kwamba neno la Mwenyezi Mungu ni sawa na hadithi ya kubuni, hasha. Ninasema mtoto wa Lamu hahitaji kwenda Uingereza kuambiwa kwamba mtu aweza kutoka mlangoni akakuta zama nyingine, na kwamba aliyenaye ubavuni wakati huo ni rafiki. (Miaka 300 ya jua ni kama 309 ya mwezi. Mimi ni fundi saa, siwezi kulipita hilo bila kulitaja.)

Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alimfanyia nini msomaji? Anampitisha katika nyumba za Pate zilizokuwa na taa na watu, kisha anamwonyesha madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya kauri yakiwa yamelaliwa na makinda ya ndege. Pate iko pale, boti inatoka gatini maji yakijaa. Mshairi wetu alikwenda na kurudi bila saa yoyote. Alichotuachia ni cha watu wazima, kinatukumbusha kifo. Watoto bado wanangoja chao.

Nirudi kwenye kitabu. Kuna mahali Hatty anafundishwa kuteleza juu ya mto ulioganda, amevaa viatu vyenye ukingo wa chuma. Hili lilinitesa kulifasiri. Barafu wanayoijua watoto wa hapa ni ile ya wavuvi, inayopondwa ikatiwa kwenye sanduku la samaki. Niliwaambia wafikirie sanduku lenye urefu wa kutoka hapa hadi Shela na kupita, lisilo na samaki, na watu wamesimama juu ya kifuniko. Tom anamwomba Hatty kwamba siku atakapoacha kuvitumia viatu vile, avifiche mahali fulani chini ya sakafu ya chumba, mahali ambapo Tom atalala miaka mingi baadaye. Hatty anaahidi. Tom, katika wakati wake, anainua ubao wa sakafu, na viatu vipo, na barua ya Hatty ipo.

Usiku ule watoto hawakutaka niendelee. Walitaka kujadili: wewe ungemfichia rafiki yako kitu gani, na wapi? Mmoja alisema khanga. Nikamwambia khanga italiwa na mchwa na unyevu kabla ya miaka hamsini. Kisu? Kutu. Kitabu? Labda, kama kiko sandukuni na sanduku limetoka kwa fundi hodari. Nikawaeleza kinachodumu: dhahabu, shaba hata ikigeuka kijani, kioo, vigae vya kauri, simbi na kome. Hapo mjukuu wangu akakumbuka jambo alilofunzwa darasani. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameipata kisiwani Manda sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424, sarafu ya mviringo yenye tundu la mraba katikati. Manda tunaiona kila siku ng'ambo ya maji, huko ndiko uwanja wa ndege ulipo. Vitabu vya historia vinaitaja sarafu ile kwa ajili ya biashara na merikebu. Watoto wangu wa barazani waliuliza jambo jingine kabisa: nani aliiangusha, na je, aliitafuta? Mmoja akasema pengine hakuiangusha.

Nilikuwa nimezisikia habari za sarafu hiyo tangu zilipotoka. Sikuwahi kuuliza hilo.

Mwisho wa kitabu sitaki kuuharibu kwa atakayekisoma, ila lazima niuguse kwa sababu ya kilichofuata. Juu kabisa ya nyumba ile anaishi mwenye nyumba, bibi kizee ambaye Tom hajamjali hata siku moja. Tom anakuja kufahamu kwamba yule bibi ndiye Hatty. Rafiki aliyekuwa akicheza naye bustanini alikuwa ghorofani muda wote.

Tulimaliza usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi niko kibandani, kioo cha jicho kimebana, nasikia zogo kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) la nyumba ya mbele yangu. Anakaa pale bibi mmoja aliyepita miaka themanini, mtu mpole, haonekani nje mara nyingi na watoto walikuwa wakimpita kama wapitavyo nguzo. Watoto watatu wa barazani kwangu walikuwa wamesimama mbele yake wanamuuliza alikuwa akicheza nini alipokuwa kama wao. Hakuwajibu mara moja. Kisha akasema, "Ndooni," akawatuma kokoto. Walipozileta alizichagua moja moja, akazitupa zilizo na pembe, akajishusha taratibu kutoka kwenye baraza hadi sakafuni, akapanga kokoto za mdako mbele yake. Mkono wake una vifundo, vidole viwili havikunjuki. Akairusha kokoto ya kwanza juu, akakomba nyingine chini, akaidaka ile ya juu kwa mgongo wa mkono. Nikatoa kioo jichoni. Alirudia mara sita bila kuangusha. Mtoto mmoja akamwambia, "Bibi, cheza pole pole twone." Akacheka, na nilitambua kwamba sijausikia mcheko wa yule mama kwa miaka mingi, nami ni jirani yake.

Mzazi mwenzangu anasema hadithi hizi zinamtoa mtoto katika wakati wake. Mimi naeleza nilichokiona. Mpaka leo, siku za Jumamosi, mdako unachezwa kwenye daka lile.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie wewe, Mhariri, na si kumjibu ndugu yangu peke yake. Kitabu kilipokwisha watoto walidai kingine, na kiwe cha Lamu. Nilizunguka. Niliulizia Lamu, nikamwagizia mtu Malindi na Mombasa. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vipo, vingine vizuri sana, vya sungura, vya mayatima, vya wezi wanaokamatwa. Cha mtoto wa pwani hii kuingia mlangoni akatokea zamani ya pwani hii na kupata rafiki huko sikupata. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na magofu ya Gedi mwaka 2024. Gedi kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399. Malindi ndiko alikotoka twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Hebu fikiria mtoto wa leo wa Malindi akutane na mtoto aliyepewa kazi ya kumlisha twiga yule majani melini. Wageni wanakuja kwa ndege kuziona kuta zetu. Watoto wetu wanazipigia mipira.

Mjukuu wangu, alipoona nimerudi mikono mitupu, akaanza kuandika mwenyewe, katika daftari la hesabu lililobaki kurasa. Aliandika sehemu ya kwanza kama insha ya shule. Shule siitaji, na mwalimu ni mtu ninayemheshimu, lakini alimrudishia insha ile na maneno mekundu chini yake: "Haiwezekani kutokea. Rudia." Alirudia, akaandika kuhusu siku aliyokwenda sokoni, akapata alama nzuri. Ile ya kwanza akaniletea mimi. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia.

Mtoto katika hadithi yake anakaa nyumba ya mawe kama zetu. Saa inagonga kumi na tatu baada ya alfajiri. Anashuka ngazi, anatoka nje, na anajua amefika zamani kwa sababu ngome haijakwisha: kuta zimefika kifuani na hakuna lango. Ngome yetu ilianza kujengwa mwaka 1813 ikamalizika 1821. Yeye akauchagua 1818. Hili la kuujua mwaka kwa kimo cha ukuta ni lake mwenyewe, sikumfunza.

Tukabishana kuhusu rafiki. Mimi nilishauri awe binti wa mwenye nyumba, mwana wa kiungwana, anayetazama mtaa kutoka kwenye wikio linalounga nyumba mbili juu ya njia. Nilimweleza zidaka, mapambo ya harusi, na shiraa, lile hema walilobebewa wanawake wakubwa wakipita njiani wasionekane. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza nani aliyelibeba lile hema.

"Yule wa juu hawezi kutoka, babu," akasema. "Nikimpata yeye hatutakwenda popote. Wa chini ndiye ajuaye mji mzima, kwa sababu ndiye atumwaye."

Mtumwa ndiye atumwaye. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyenifungulia maana yake. Basi rafiki yake ni msichana wa chumba cha chini, palipowekwa mizigo na wasio na lao. Anakwenda kisimani, anakwenda pwani majahazi yakifika, anajua nyumba ipi ina mbwa na mlango upi haufungwi sawasawa. Wanakimbia pamoja mji mzima katika ile nusu saa isiyo na jua.

Wako mtaani watakaonuna wakisoma haya. Hatupendi kuzungumzia vyumba vya chini. Nyumba ni nzuri, tunawaonyesha wageni plasta na zidaka za juu, tunapita haraka penye ngazi. Mimi mwenyewe nimekuwa nikipita haraka. Lakini kama mtoto atapata rafiki katika mwaka 1818 hapa Lamu, atampata chini vilevile kama juu, na hadithi ya kubuni imelifikia hilo barazani pangu kabla ya somo lolote la historia.

Kuna siku alikuja kibandani na hesabu kwenye kiganja, imeandikwa kwa kalamu. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Ondoa 1818. Inabaki 89. "Huyu wangu analijua hilo," akasema, "na mwenzake halijui. Amwambie?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi na skrubu moja ndogo kama punje ya ufuta kwenye ncha yake. Nikaiweka chini. Msichana yule, hata angeishi mpaka uzeeni, asingefika huko. Hawezi kuwa bibi wa ghorofani anayemngoja rafiki yake mwishoni, kama Hatty. Nilimwambia sijui, na kwamba ni yeye anayewajua wote wawili. Alikaa juu ya kigoda changu cha wateja mpaka adhuhuri. Siku ya pili aliandika kwamba msichana wa leo hasemi, ila mwenzake anamtazama usoni na kumuuliza, "Ni mbali sana?" naye anaitikia kwa kichwa. Halafu wanakwenda kisimani, kwa sababu maji hayajatekwa.

Mhariri, ninachokuomba ni hiki. Ukurasa wako wa watoto una mafumbo na picha za kupaka rangi, ambazo ni nzuri. Tupe robo ya ukurasa huo kila Jumamosi iwe hadithi ya mfululizo, ya watoto na safari za zamani katika nchi yetu wenyewe, kwa Kiswahili. Siombi iwe ya mjukuu wangu. Yake haijakwisha na hataki mtu aione. Waombe waandishi. Wako Malindi, wako Mombasa, wako Faza na Siyu watu wenye mikono ya kuandika. Waambie rafiki lazima awe mtoto kweli, mwenye njaa, mwenye ubishi, anayekasirika akicheleweshewa, si mwalimu wa historia aliyevaa kanzu fupi. Waambie tarehe ziwe sahihi, kwa sababu watoto watazikagua. Na kama hakuna atakayejitokeza wiki za mwanzo, chapisha swali lile la barazani peke yake: ungemfichia nini rafiki wa miaka mia mbili ijayo, na wapi? Utapata barua nyingi kuliko utakavyoweza kuzichapisha.

Mzazi mwenzangu ninamkaribisha Lamu. Aje na mwanawe. Nitaigongesha saa kumi na tatu mbele yake na kumwonyesha kikomeo.

Na kwa kuwa swali hilo nimelitaja, mjukuu wangu amekwisha kulijibu kwa upande wake. Msichana wa chini hana kidaka, zidaka ni za juu. Kwa hiyo katika hadithi anaficha nyuma ya jiwe la tumbawe chini ya ngazi, pale chokaa ilipobanduka, na anachoficha ni simbi moja ya pwani, kwa kuwa ndiyo kitu pekee asichopewa na mtu. Nyumba yetu nayo ina ngazi na chokaa iliyobanduka. Wiki iliyopita aliniomba gurudumu la shaba kutoka katika ile saa mbovu, la meno mengi, akaniuliza tena kama kweli halioti kutu. Nikamwambia litageuka kijani tu. Asubuhi nikaona chokaa mbichi chini ya ngazi, imelainishwa kwa kidole.

Kumebaki jambo moja katika daftari. Wenye nyumba wanamwita msichana yule Faida, jina alilopewa siku aliyonunuliwa. Lakini ana jina lake la kwao, na katika sura ya mwisho analinong'ona sikioni mwa rafiki yake. Nilimuuliza mjukuu wangu ni jina gani. Alifunika daftari kwa mkono akasema, "Hukuambiwa wewe, babu."

Wako,
Fundi saa, Langoni, Lamu